Hodi kwenye Uwanda Usio na Mlango

Shuka halimfichi dobi kitu. Kwa kuliona beseni tu, alijua nyumba ipi mume amesafiri, nyumba ipi kuna mgonjwa, na nyumba ipi wamenuniana hadi wanalala mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni kwa yule. Alijua mapenzi ya mtaa mzima kwa kuyafua. Shuka lake mwenyewe lilikuwa moja, jembamba, la kitanda cha mtu mmoja, na alilifua mwisho, kwa maji yaliyobaki.

Asubuhi hiyo alichomeka nguzo zake uwandani kama kawaida, akafunga kamba, akaanika. Uwanda ule ulikuwa kati ya nyumba na barabara, nyasi tupu mpaka jicho linachoka. Haukuwa wa mtu, kwa hiyo ulikuwa wa kila mtu. Mbuzi walilisha, wanafunzi walisoma wakitembea huku na huko, wazee walinyoosha miguu, na dobi alianika. Sharti lilikuwa moja: unachokileta asubuhi, jioni ukiondoe. Hakuna kinacholala uwandani. Kulikuwa na uwanda mwingine ng'ambo ya barabara, zamani, na kila mtu alijua ulivyopotea. Ulianza na kibanda cha soda ambacho mwenyewe aliomba kilale siku chache tu. Leo ni maghala, yenye ukuta na mbwa.

Sasa kulikuwa na kitu kimelala, tena kitu kikubwa. Watu wa filamu walikuwa wamesimamisha nyumba. Ukiitazama kwa mbele ilikuwa nyumba ya matofali mekundu, ya mjane anayeishi peke yake katikati ya nyasi. Ndivyo hadithi yao ilivyotaka. Ukizunguka nyuma ulikuta mbao, misumari na magogo ya kuegemeza. Madirisha yalikuwepo, vyumba havikuwepo. Kamati ya uwanda ilikuwa ikae alasiri hiyo kuamua kama nyumba ile ibaki au ishuke, na mtu atakayeulizwa kwanza alikuwa dobi.

"Hodi," sauti ilisema nyuma ya mashuka.

Hakuitikia. Aliendelea kubana vibanio.

"Hodi tena."

"Leo sijibu," dobi alisema. "Nikisema karibu, kesho mtaleta ghorofa."

Mwanamume alicheka, kisha akaona kwamba hakuna aliyecheka naye. Akapita katikati ya mashuka mawili. Wenzake walimwita Macho, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuzunguka kote kuwatafutia mahali pa kupigia picha. Wao walisema angeweza kuona mto kwenye beseni. Alikuwa amevaa fulana ya kazini yenye maandishi mgongoni, na mkononi ameshika shati lake la bluu, lina rangi ya matofali kifuani na kwenye mkono.

"Nimelichafua tena," alisema.

"Liweke hapo kapuni." Hakumtazama. "Ni wewe uliyemwambia mkuu wako kwamba mimi niliwapa ruhusa?"

"Nilimwambia nilichokisikia. Nilipiga hodi, ukasema karibu. Ulikuwa umekaa kwenye kiti cha mtunza uwanda."

"Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha shangazi yangu, kwa sababu goti lilikuwa limemvimba."

"Ningejuaje?"

"Ungeuliza."

"Mtu akiulizwa mara mbili huwa anakataa," Macho alisema. "Kazini kwetu, mwenye mahali akishasema karibu, tunashukuru na tunaondoka haraka."

"Mbona wewe hukuondoka?"

Macho aliinama. Akaokota kibanio kilichoanguka, akampa. Vidole vyao vikagusana, na dobi akajilaumu kwa kuwa amekihisi kidole kile mpaka begani.

Maana siku ile aliyoizungumzia Macho, dobi aliihifadhi kama watu wanavyohifadhi nguo ya harusi. Alikuwa amekaa nyuma ya mashuka, peke yake, akimshikia shangazi yake zamu, mtu akasema hodi. Hodi, kwenye uwanda wazi usio na mlango wala ukuta. Alicheka. Hakuna mtu aliyewahi kumbishia hodi pale. Watu walipita tu, wakainama chini ya kamba zake kama wanaopita chini ya matawi. Huyu alisimama penye nafasi kati ya shuka na shuka, akangoja, kana kwamba ni mlango, na nyuma ya mlango kuna mtu mwenye haki ya kukataa. Dobi akasema karibu. Na sauti iliyotoka haikuwa ile aliyokusudia. Ilitoka laini, kama ya mtu aliyekuwa akimngoja mgeni tangu asubuhi.

Tangu hapo Macho alikuja kila siku, mara na shati, mara bila shati. Alizoea kutazama vitu kwa kuunganisha vidole vyake mraba, kama dirisha, na mara nyingi dobi alijikuta yumo ndani ya dirisha lile.

"Nisikilize," Macho alisema sasa, kwa sauti ya chini. "Leo wakikuuliza, sema ulikubali. Neno moja tu. Picha iishe, nyumba tuing'oe, mimi nibaki."

"Ubaki wapi?"

"Hapa. Si nilikuambia? Nimechoka kuwatafutia watu mahali. Naona nyumba nzuri, naona mahali mtu anaweza kukaa akazeeka, napiga picha, halafu nakwenda kulala kwenye gari. Sijui mara ya mwisho kufungua mlango kwa ufunguo wangu mwenyewe ilikuwa lini."

Dobi alitaka sana kuigusa shingo yake, pale nywele zilipoanzia. Akashika shuka.

"Na nikisema sikukubali?"

"Nyumba inashuka leo, na mkuu anahamisha kila kitu. Mimi ndiye niliyewaleta mahali pasipo ruhusa, kwa hiyo mimi ndiye nitakayewatafutia pengine. Nitapanda lori nao."

"Huwezi kukataa?"

"Yule mtu alinichukua nikiwa sina mbele wala nyuma. Siwezi kumwacha katikati ya picha, tena kwa kosa langu."

"Kwa hiyo nikisema kweli unaondoka, nikisema uongo unabaki."

"Kwani ni uongo? Karibu hukusema?"

Kabla hajajibu, fimbo iligonga nguzo ya kamba. Shangazi alikuwa amefika, anachechemea, kanga kichwani, macho makali kama ya mtu anayehesabu chenji.

"Kijana, shikamoo siku hizi zimekwenda wapi?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Shangazi yako yuko kwenu." Akachungulia kapuni. "Hilo shati umelileta lifuliwe au lichumbie?"

"Lifuliwe, mama."

"Basi limeshafika. Wewe nenda kaitazame nyumba yako isije ikaangushwa na mbuzi."

Macho akaenda. Hakugeuka, lakini alitembea polepole, kama mtu anayetaka aitwe. Dobi hakumwita. Shangazi alijishusha juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanyoosha lile goti lake.

"Sikukatazi kupenda, mwanangu," alisema. "Nilikulea tangu kaka yangu alipofariki, na sijawahi kukuona ukianika huku unaimba. Mwezi huu nimekusikia. Nimefurahi, nikanyamaza, nisije nikaukatiza wimbo."

"Lakini?"

"Lakini yule kazi yake kupita. Atakupenda kama anavyopenda mahali. Mahali pazuri anapapenda kweli, hadanganyi. Kisha anakwenda kutafuta pengine."

"Amesema atabaki."

"Amesema atabaki kama utasema nini?"

Dobi akabana kibanio kingine. Shangazi akatikisa kichwa taratibu.

"Mimi hilo sikuulizi. Nakuambia hili tu. Siku ile ulikuwa kwenye kiti changu, na neno lako lilikuwa langu. Ukisema mbele ya kamati kwamba uliruhusu, sitakukana. Nitasema niliruhusu mimi. Kisha nitawarudishia kiti chao, nikae nyumbani na goti langu. Na kesho akija mwingine na kibanda, atasema mbona nyumba ililala."

"Shangazi, usinifanyie hivyo."

"Sikufanyii. Nakwambia mapema tu, usije ukalia baadaye." Akajishika kwenye fimbo, akainuka. "Shuka la kinyozi linaburutika chini. Lipandishe."

*

Kamati ilikaa alasiri, nyuma ya nyumba ya mbao, kwa sababu jua lilikuwa kali na pale palikuwa na kivuli.

"Angalau inatoa kivuli," kinyozi alisema. Alikuwa mjumbe, na hakuna kikao alichokipitisha bila mzaha.

"Na kivuli nacho kiondoke jioni," mwenye mbuzi akamjibu. "Kisilale hapa."

Watu wakacheka. Dobi alikaa pembeni, karibu na shangazi yake, mikono yake ikinuka sabuni. Mwenyekiti alikuwa mjomba wake, kaka wa marehemu mama yake, mtu mpole aliyevaa koti hata kwenye joto. Mkuu wa filamu alikaa kwenye kiti cha kukunja, kofia magotini, kwa adabu zote. Macho alisimama nyuma yake.

"Sisi hatukuvamia, mzee," Mkuu alisema. "Hatujawahi kuingia mahali pa watu bila kukaribishwa. Huyu kijana wetu alikuja, akapiga hodi, akajibiwa karibu na mtu aliyekuwa zamu. Nyumba hii tutaing'oa wenyewe picha ikiisha. Tunachoomba ni kwamba neno lililotolewa liheshimiwe."

Halikuwa ombi baya, na kila mtu alilijua hilo. Mjomba alimgeukia dobi.

"Mpwa wangu, siku hiyo ulikuwa zamu?"

"Nilikuwa, mjomba. Badala ya shangazi."

"Huyu bwana alipiga hodi?"

"Alipiga."

"Ukasema karibu?"

Aliona fimbo ya shangazi ikitulia juu ya nyasi. Aliona mikono ya Macho, ile iliyozoea kutengeneza dirisha, imeshikana nyuma ya kiti cha Mkuu.

"Nilisema," alijibu.

Mnong'ono ukapita. Mkuu akavaa kofia yake, kama mtu ambaye shughuli yake imekwisha. Shangazi akaanza kujikusanya ainuke, aseme lile alilosema atalisema.

"Bado, shangazi," dobi akamwambia, akainuka yeye. "Mjomba, naomba kumwuliza huyu aliyepiga hodi swali moja."

"Muulize."

Alimtazama Macho, na ghafla ikawa kama wamebaki wawili tu pale uwandani, kama asubuhi zile zote. Alijua anachokiuliza. Alijua pia kwamba swali lile lilikuwa na makali pande zote mbili. Macho akisema alibisha kwa mtu, basi uwanda haukuombwa, na nyumba inashuka. Akisema alibisha kwa uwanda, basi kuna kitu kingine kitakachoshuka, ambacho kamati haikukijua.

"Siku ile," alisema, "ulikuwa unabisha hodi kwa nani? Kwangu, au kwa uwanda?"

Kinyozi alifungua kinywa aseme kitu, akakifunga.

Macho alimtazama Mkuu wake. Alitazama misumari ya nyumba. Kisha akamtazama dobi, na akaendelea kumtazama, na dobi akaliona jibu kabla hajalisikia.

"Kwa uwanda," Macho alisema. "Nilikuwa sijakuona. Nilisikia mashuka yakipigwa na upepo, nikajua kuna mtu nyuma yake, nikabisha kwa mwenye mahali. Baadaye ndiyo..."

"Ya baadaye hayakuulizwa," mjomba alisema, kwa upole sana.

Dobi alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeelekezwa njia. Alibaki amesimama.

"Basi, mjomba, mimi niliitikia hodi ya mtu," alisema. "Nilimkaribisha mtu, peke yake. Uwanda hata sikuufikiria. Nyumba hii sikuikaribisha."

Hakuna aliyemcheka. Angefurahi kama wangemcheka. Mwenye mbuzi alishughulika na kamba ya mbuzi wake, na kinyozi akatazama kucha zake. Mtaa mzima, ambao siri zao alizijua kwa mashuka yao, sasa uliijua ya kwake, na alikuwa ameianika mwenyewe.

"Huyu alibisha mlango mmoja," mjomba alisema hatimaye, "na huyu akafungua mwingine. Hapo hakukuwa na makubaliano. Samahani, bwana Mkuu. Jioni isiikute."

Mkuu alivua kofia. "Tumesikia, mzee," alisema. Hakumkemea Macho mbele za watu. Alimgusa bega tu wakati wa kupita, na hilo lilikuwa zito kuliko kukemewa.

*

Macho ndiye aliyeng'oa msumari wa kwanza. Dobi alirudi kwenye kamba zake, akawapa mgongo, lakini masikio hayana mgongo wa kugeuza. Alisikia kila ubao ukishuka. Alianua mashuka yaliyokauka, akayakunja pembe kwa pembe. Kisha akalichukua lile shati kapuni, akalifua. Hakuwa na haraka nalo. Rangi ya kifuani ilitoka. Ile ya kwenye mkono ilikataa, akaisugua kwa vidole mpaka vikawaka, ikabaki kivuli chekundu. Akalianika peke yake kwenye kamba ndefu.

Nyuma yake, hatua zikasimama kwenye nyasi.

"Ningeweza kusema ni wewe," Macho alisema. "Ningesema nilibisha kwako, nyumba ingeshuka vilevile."

"Ungeweza."

"Ungefurahi?"

"Ningebaki na siku ile," dobi alisema. Aligeuka. Hakuwa na chozi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemweleza mteja kuhusu doa. "Nilikuwa naipenda. Nilikuwa nalala nayo."

"Sikutaka kukudanganya. Wewe ndiye mtu pekee ambaye..." Akaacha. "Siku zilizofuata zote zilikuwa zako. Kila siku nilipokuja na shati safi nikasema limechafuka."

"Nilijua. Nilikuwa nayafua hivyohivyo."

Wakacheka kidogo, wote wawili, na kicheko kikawaishia mahali pamoja. Kule barabarani mbao zilikuwa zimekwisha kupakiwa. Pale nyumba iliposimama palibaki mraba wa nyasi zilizolala, zimepauka kama ngozi iliyokuwa chini ya bandeji.

Macho alirudi nyuma, akasimama upande wa pili wa kamba, nyuma ya shati lake linalodondosha maji. Akanyoosha mgongo. Alikuwa kama mtu aliyesimama kizingitini.

"Hodi," alisema.

Dobi hakujibu.

"Hodi. Safari hii ni kwako. Hakuna uwanda, hakuna nyumba."

Neno lilikuja lenyewe. Lilipanda kifuani, likafika kooni, laini kama lile la kwanza, na lingetoka. Lakini alikuwa amelitoa mara moja bila kulipima, na lilikuwa limejenga nyumba nzima. Akalishika. Alitaka kulitazama kwanza, alijue ni lake, hajalitoa kwa upweke tu. Alihitaji muda mfupi sana, kama wa kukunja shuka.

Lori likapiga honi.

"Linakuita," alisema, kwa sababu hilo lilikuwa rahisi kusema.

Macho alingoja bado. Honi ikarudia, ndefu, na kule juu ya mbao mtu akaita jina lake la utani.

"Nitakuja kuchukua shati langu," alisema.

"Nguo za watu huwa nazitunza."

"Za watu," Macho alirudia.

Alikwenda, na safari hii hakutembea polepole. Alipandishwa juu kwa mikono ya wenzake, akakaa akiwa ameegemea dirisha la nyumba ya mjane, dirisha lisilo na chumba. Alipoinua mkono dobi alikuwa amekwisha kuinua wake. Dobi hakujua kama alimwona. Lori likapita kwenye ukuta wa maghala, likafichwa na ukuta ule.

"Karibu," dobi alisema.

Mbuzi mmoja aliinua kichwa, akamtazama, akaendelea kula.

Jua likashuka, na watu wakaanza kuondoa vitu vyao, kila mtu na chake: mwenye mbuzi na mbuzi wake, wazee na viti vyao, wanafunzi na mikoba yao. Dobi aling'oa nguzo, akakunja kamba. Shati la bluu lilikuwa la mwisho. Alilishika mkono, lilikuwa bado bichi, zito kwa maji. Lilihitaji jua la siku nzima nyingine. Angeweza kuliacha, nani angeona shati moja kwenye uwanda wote ule? Alisimama nalo, akafikiria kibanda cha soda, akalikunjia mkononi. Maji yakamlowanisha gauni mpaka ubavuni, ya baridi, wakati akivuka nyasi kuelekea nyumbani.

Shangazi alikuwa mlangoni, taa imewashwa nyuma yake, goti limefungwa kitambaa. Alimtazama usoni. Kisha akaliona shati.

"Mwanangu, mbona unaniingizia nguo mbichi ndani?"

"Halina pengine pa kulala, shangazi," dobi alisema.

Shangazi akasogea, akampisha mlango.